Wifi Yangu wa Kushtukiza

Wifi yangu ni mkaguzi wa nyumba za kutunzia wazee, na kama humjui, omba usije ukamjua akiwa kazini. Haendi siku aliyosema, kwa sababu hasemi siku yoyote. Gari analiacha mbali, nyuma ya maduka au ubavuni mwa ukuta wa jirani, anaingia kwa miguu wakati wahudumu wa zamu moja wanavua makoti na wa zamu nyingine bado wanatafuta viatu vyao. Hapo ndipo mambo yanapoonekana, anasema. Makaratasi hayagusi mpaka mwisho. Anakwenda moja kwa moja kitandani, anamwamkia mzee, anamwomba ruhusa, kisha anafunua shuka kuanzia miguuni.

"Uso watauosha na kuupaka mafuta wakisikia tu mlango wa gari," aliniambia siku moja. "Lakini kisigino kilicholaliwa wiki nzima bila mtu kugeuzwa, utakifanya nini kwa dakika tano?"

Basi anakibonyeza kwa kidole gumba, anangoja aone kama ngozi inarudi. Akitoka hapo ni nyonga, mgongo, makwapa, kucha, halafu kengele ya kumwita mhudumu, kama mkono wa mgonjwa unaifikia au imening'inizwa ukutani kama pambo. Amefungisha nyumba ambazo wenyewe walidhani wana wakubwa wa kuwakingia kifua. Wahudumu wanamwita Bi Kisigino. Anajua wanavyomwita, na nadhani kimoyomoyo jina analipenda.

Mimi ni mke wa kaka yake. Nina saluni ya nywele, kwa hiyo nasikia mengi, na mdomo wangu haujawahi kuwa na kufuli. Wifi nimeshamsema mbele yake na nyuma yake, na yeye kanisema hivyohivyo, kwa hiyo hapa simsengenyi.

Kabla hajawekwa kwenye nyumba ya wazee, mama mkwe alikaa kwetu miaka mingi. Wifi alikuwa akija kumwona vilevile anavyokwenda kazini: bila simu, hodi na mguu ndani kwa pamoja. Amenikuta nina mapovu kichwani. Amenikuta nimenuniana na mume wangu, kila mtu kwenye kochi lake. Huku anauliza habari za watoto, kidole chake kinapita juu ya kabati, anakitazama, hasemi neno. Bora angesema. Siku moja alifungua jokofu langu, akanusa maziwa, akayarudisha. Maziwa yalikuwa mazima. Nilikasirika kuliko kama angeyakuta yamechacha.

Mama mkwe wangu alikuwa fundi cherehani, tena si wa kushona mito. Alishona magauni ya harusi na suti za maafisa, na alijulikana kwa jambo moja: akikwambia njoo Alhamisi saa tisa, Alhamisi saa tisa nguo inaning'inia mlangoni, imepigwa pasi, inakusubiri. Watoto wake wawili walikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Wifi ndiye kitinda mimba, na tangu hapo alikuwa na wivu usio na breki. Mume wangu anasimulia kwamba siku moja mteja alileta binti yake mdogo apimwe gauni. Mama akamzungusha yule mtoto huku na huku, pini mdomoni, akamtania mpaka wakacheka wote wawili. Jioni futi ya kupimia ilikuwa haionekani. Ilitafutwa nyumba nzima, ikaja kukutwa ndani ya soksi ya wifi, kitandani kwake. Alichapwa, hakulia, akasema tu kwamba ile futi ni ya mama yake.

Halafu mama akapatwa na kiharusi. Akili ilibaki kama zamani, ulimi pia, lakini mkono wa kulia ukalegea na miguu ikagoma. Nyumba yetu ina ngazi, na mimi na mume wangu tunashinda kazini. Tulijaribu mpaka mgongo wangu ukasema basi. Wifi alipinga, akanuna, mwishowe akasema kama ni lazima, nyumba ataichagua yeye. Alizunguka nyumba zote anazozijua kwa visigino vyake, akaleta jibu: kuna moja tu. Ina ghorofa mbili, sakafu isiyoteleza, madirisha yanayofika chini ili mtu aliyekaa aone nje. Kwa kuwa mama yake angekuwa humo, ofisini wakamkataza kuikagua, kazi hiyo akapewa mwenzake. Wifi akakubali. Akasema atakwenda kama mtoto tu, anayekwenda kumwona mama yake.

Akaendelea kuacha gari nyuma ya maduka.

Leo atakwenda asubuhi watu wakioga, wiki ijayo atatokea mchana wa chakula, halafu atapotea, halafu atakuja mara mbili mfululizo. Nilimuuliza kwa nini asiseme anakuja lini. Akanitazama kama mtu niliyemwambia atangaze mtihani na majibu yake. "Wakijua nakuja watamwandaa," akasema. Nikamwacha, maana kazi yake anaijua yeye.

Sasa upande wa wanawake, chini, kulikuwa na mhudumu mmoja mwenye doa jeusi shavuni. Mama akambatiza Kidoti, na nyumba nzima ikafuata. Msichana wa watu, si mzuri wala si mbaya, mwenye sauti ya chini na mikono yenye joto. Damu yake na ya mama ziliendana tangu wiki ya kwanza. Nilijua mapema kuliko wifi, kwa sababu mimi huenda kila Jumapili, na Jumapili moja nilifika na kitana changu na mafuta yangu, nikakuta mama ameshasukwa. Mistari imenyooka, ncha zimefichwa. Mimi ndiye fundi wa nywele katika ukoo huu.

"Usijisumbue, mwanangu," mama akaniambia. "Kidoti ameshanisuka."

Nilisema imependeza. Nilirudi na kitana changu kwenye mkoba, na siku ile wateja wangu walinikoma.

Zamu ya wifi ilifika baada ya hapo. Alitokea mchana mmoja, bila taarifa kama kawaida yake, akasikia kicheko tangu ukumbini. Alikitambua kabla hajafika mlangoni. Kidoti amekaa kwenye kigoda, anamenya chungwa, anamlisha mama kipande kimojakimoja kwa mkono, bila glavu, na mama anatemea mbegu kwenye kiganja cha Kidoti. Kuna jambo lilikuwa linawachekesha mpaka mama machozi yanamtoka. Alipomwona binti yake mlangoni kicheko kilikatika. Akameza chungwa. Kisha, bila kuambiwa, akavuta blanketi kwa mkono wake mzima, akajitahidi kuisukuma miguu ionekane.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Haya, angalia."

Na wifi akaviangalia visigino. Alinieleza hilo mwenyewe, na hakuona ajabu yoyote.

Ajabu aliyoiona yeye ilikuwa ni ile ya mbegu. Jioni ile alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha mwisho, nikamwosha nywele huku anaongea macho kayafumba.

"Anatemea mkononi mwa mtu baki, wifi. Mbegu. Mimi juzi nilimpelekea chungwa, nimelimenya, nimetoa mbegu zote, nimeweka kwenye sahani na uma. Akala vipande viwili akasema ameshiba."

"Labda alikuwa ameshiba."

"Na analicheka neno gani? Mama hacheki hivyo. Na mimi hajacheka hivyo tangu... Hata sijui tangu lini. Nikamuuliza, mnacheka nini? Akasema, aa, mambo yetu tu." Akafumbua macho. "Mambo yetu. Ana mambo gani na yule?"

"Wifi, unaona gere."

"Mimi? Kwa mfagia vyumba?"

"Si mfagia vyumba, ni mhudumu, na roho inakuuma. Hata mimi iliniuma. Mimi alinisukia mama kabla sijafika."

Alinyanyuka na povu masikioni, akaniambia kwamba mimi ni mkwe, sina uchungu wa mtoto wa kuzaliwa, na kwamba hili ni suala la usafi. Glavu hazikuvaliwa. Nikamrudisha kichwa kwenye beseni. Mtu akishaanza kutaja glavu, ujue wivu umepata sare ya kazi.

Siku mbili hazikupita, wifi akaenda kwa matroni. Matroni ni mama mtu mzima, amefanya kazi hiyo maisha yake yote, lakini mkaguzi ni mkaguzi hata akija na mkoba wa kuletea matunda. Wifi hakumtisha. Alisema kwa upole tu kwamba kulisha kwa mkono mtupu si utaratibu, na kwamba mhudumu akizoeana mno na mgonjwa mmoja, wengine wanaachwa. Yote mawili yameandikwa kwenye miongozo, wala hakudanganya. Kesho yake Kidoti akahamishiwa ghorofa ya juu, upande wa wanaume, na mama akaletewa mhudumu mwingine, mwenye glavu.

Wifi aling'aa. Alinipigia simu kunieleza kwamba mama anaendelea vizuri, anakula, visigino safi, kila kitu kwa utaratibu. Mimi nilipokwenda Jumapili nilimkuta mama anaendelea vizuri kweli. Anajibu anachoulizwa, anashukuru akipewa maji. Alikuwa mtulivu mpaka nikatamani anitukane. Nywele zilikuwa zimesukwa. Sikuuliza na nani, kwa sababu niliujua ule mkono.

Wiki iliyofuata wifi akanipitia saluni mchana, hata mimi hajanipa taarifa, akasema twende kwa mama. Nilikuwa na mteja mmoja tu, nikamwachia msaidizi wangu. Tuliacha gari nyuma ya maduka. Nilimuuliza kwa nini tutembee juani wakati geti lina kivuli na nafasi ya kuegesha, lakini alikuwa ameshatangulia.

Tulimkuta mama kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa amevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, alilojishonea mwenyewe miaka hiyo, ambalo huko ndani hulivaa kwa nadra kwa sababu vifungo vyake ni vya mgongoni na vinasumbua. Amepakwa mafuta usoni. Mkono wa kulia ameulaza vizuri pajani, wa kushoto ameuweka juu yake. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa, hakitazami nje, kinatazama mlango. Macho yalikuwa mlangoni kabla sisi hatujafika, na alipoona kivuli cha mtu uso wake wote ulifunguka.

Nilimwona wifi alivyosimama. Nilikuwa nyuma yake kidogo, naona shavu tu na sikio, lakini niliona alivyovuta pumzi. Alidhani ni yeye. Alipiga hatua moja na mkono mbele, na kwa hatua hiyo moja alikuwa yule mtoto wa chini ya meza, aliyerudishiwa futi yake.

"Oh," mama akasema. "Ni wewe."

Uso ukamshuka. Akaanza kuvuta gauni lile zuri kwa mkono wa kushoto, apandishe pindo, atoe miguu.

"Acha, Mama," wifi akasema. "Acha miguu."

"Huangalii leo?"

"Siangalii. Unamsubiri nani?"

Mama alitazama mlango, akanitazama mimi, akaona hakuna wa kumkingia kifua. "Kidoti. Akitoka zamu huko juu hupita kunisalimu saa kumi. Si wakati wa kazi yake, usije ukamwandikia. Anakaa kidogo tu, halafu anakwenda kwao."

"Kila siku?"

"Siku za zamu yake. Ananiambia mapema, nami nawaambia wanivalishe."

Wifi akakaa pembeni ya kitanda. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mkaguzi. "Mbona mimi hujawahi kunivalia, Mama? Mimi mwanao. Nakuja kila mara. Hujawahi kunisubiri hata siku moja."

Mama hakukasirika. Alifikiri swali lile kwa makini, kama alivyokuwa akifikiri kitambaa kabla hajakikata.

"Nikusubiri lini?" akauliza.

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la vyombo.

"Hukuwahi kuniambia," mama akaendelea, polepole. "Hapo mwanzo nilikusubiri. Nilikaa dirishani kutwa, nikashindwa hata kulala mchana, nikisema atakuja sasa hivi. Siku nyingine unakuja, nyingine huji. Nikachoka, mwanangu. Nilipokuwa nashona, mteja akija bila ahadi alikuta nguo yake haijakatwa, na hakunikasirikia. Wewe ukija unanikuta hivihivi nilivyo."

Wifi aliinama akatafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo. Kisha akasimama, akamwinamia mama, akambusu paji la uso, akatoka. Nikamfuata.

Ukumbini tukakutana naye Kidoti uso kwa uso. Alikuwa amevua sare, ana blauzi yake ya kawaida na kipochi kwapani, na mkononi kashika chungwa. Alipomwona Bi Kisigino akasimama papo hapo, akalificha chungwa nyuma. Nilisema moyoni, leo msichana huyu anamwaga unga. Kumtembelea mgonjwa asiye wako baada ya zamu nako kumeandikwa kwenye miongozo, wifi alishawahi kuniambia.

Walitazamana. Wifi alimtazama lile doa, ile mikono. Donge la wivu lilikuwa bado lipo, nakuhakikishia. Hata leo halijaisha.

"Saa kumi imepita," wifi akamwambia. "Nenda. Anakusubiri."

Halafu akaingia kwa matroni, mimi nikabaki mlangoni. Aliomba Kidoti arudishwe chini. Matroni, ambaye naye ana ulimi wake, akauliza, "Na glavu, dada?"

"Chungwa huliwa kwa mkono," wifi akasema. "Anawe tu vizuri."

Tuliporudi kwenye gari hakuwasha. Alikaa ameshika usukani, akalia kimyakimya. Nilimpa kitambaa.

Siku ya pili alimpigia mama simu kupitia kwa matroni, akasema, "Mama, nakuja Jumamosi saa nne asubuhi." Nilikuwa namtengeneza nywele, nikasikia mama akiuliza, "Saa nne kamili?" Wifi akasema kamili.

Kuanzia hapo mpaka Jumamosi hakukalika naye. Alibadilisha gauni mara kadhaa. Aliniuliza kama avae viatu vya kazini au vya wazi. Mkaguzi mzima, anayetetemesha watu kwa kidole gumba, alikuwa anaogopa kwenda kumwona mama yake.

Yaliyotokea Jumamosi alinisimulia mwenyewe. Alifika mapema mno. Alipofika kwenye maduka mikono ikageuza usukani yenyewe, akaegesha palepale pa siku zote. Akajitukana, akarudi nyuma, akaenda kuegesha mbele ya geti, wazi, kila mtu amwone. Saa ilikuwa bado. Akasema akiingia sasa atakuwa amemshtukiza tena, huenda bado hajafungwa vifungo. Akakaa garini. Kutoka pale dirisha la mama linaonekana. Aliona kiti, akaona buluu ya gauni, akaona Kidoti amesimama nyuma ya kiti anamalizia nywele, na wote wawili wanatazama getini, hawajalitambua gari lake. Ile mikono kwenye kichwa cha mama yake ilimchoma, hakunificha. Alitamani atoke mbio akaiondoe. Lakini alibaki pale anaangalia anavyosubiriwa, akaangalia mpaka akasahau saa, na alipokuja kushtuka ilikuwa imepita.

Alikimbia. Aliingia chumbani anahema, mkoba begani umepinda. Mama alikuwa amekunja uso.

"Umechelewa," akamwambia. "Nimekaa hapa mgongo unaniuma. Hivi ndivyo nilivyokufundisha? Ukisema saa nne, ni saa nne."

Wifi alikuja saluni moja kwa moja kutoka huko. Nilikuwa na wateja watatu na mmoja alikuwa chini ya draya. Akasimama katikati ya chumba, hakupitisha kidole mahali popote, macho mekundu na meno yote nje.

"Nimegombezwa," akasema. "Wifi, nimegombezwa vibaya sana."

Akarudia neno kwa neno, mpaka ile ya mgongo. Wateja wangu walimwonea huruma. Mimi nilimjua, nilijua anaringa.

Nami nikamwambia matroni anifikishie salamu kwamba Jumapili nitakuja saa tatu. Nilifika saa tatu kasoro, nikakaa nje ya geti nikipiga soga na mlinzi, nikaacha muda ukapita, ukapita sana. Kisha nikaingia. Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani, amevalishwa, amesukwa, kiti kinatazama mlango. Alinitazama, akatabasamu.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Pole na safari. Kaa upumzike."

Nilingoja. Nikamwambia, "Nimechelewa sana leo, Mama."

"Aa, si kitu," akasema. "Una shughuli nyingi."

Alinipa mkono, akaniuliza habari za mwanawe na za wajukuu, akanishukuru kwa matunda. Alinipokea vizuri sana, na njia nzima ya kurudi roho iliniuma.